Kuku Naye Ana Haki ya Usiku



Swali la wiki hii limetoka bara. Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, ameniandikia kuhusu kuku wake wa nyama. Anao mia mbili katika banda lililo nyuma ya nyumba, na fedha za vifaranga na za chakula alizitoa katika akiba ya karo ya watoto. Jirani yake alimshauri kwamba taa ya bandani isizimwe hata saa moja ya usiku. Hoja yake ni kuwa kuku akiona mwanga hula, na akila hukua. Msomaji wetu akalifuata shauri hilo. Kufikia wiki ya nne kuku walikuwa wamenenepa kweli, lakini baadhi yao walianza kushindwa kusimama, na takriban kila asubuhi alimkuta mmoja au wawili wamekufa chali, ilhali jioni yake walikuwa wakila kama wenzao.

Ananiuliza mambo mawili. Je, taa ndiyo sababu? Na je, kumnyima ndege usiku ni dhambi?

Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa wanavyuoni wametufunza kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulielewa jambo lenyewe.

Usiku wa nyanda za juu

Wengi wetu wa pwani tumeipita Kitengela tukielekea Namanga bila ya kushuka. Ni mji uliokua kwa haraka kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Palipokuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai leo pana nyumba za kupanga, maduka na viwanja vilivyozungushiwa ua, na nyuma ya nyumba nyingi pana banda la kuku, kwa sababu walaji wa Nairobi wako karibu. Kutoka hapo hadi Isinya na Kajiado mjini ufugaji huu umekuwa tegemeo la familia nyingi zisizo na ardhi ya kulima.

Mambo mawili ya mahali hapo yatatufaa katika jawabu letu. La kwanza ni kwamba Kitengela iko karibu na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza na kutua kandokando ya saa kumi na mbili na nusu, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya mwezi na mwezi ni ya dakika chache tu. Ndege wa Kajiado, wa porini na wa kufugwa, ameumbiwa saa 12 za nuru na saa 12 za kiza, bila ya kubadilishiwa mizani. La pili ni kwamba mji huo uko juu sana, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko yetu ya Mombasa, na usiku wa Juni hadi Agosti baridi yake hukata. Baridi hiyo ndiyo huwafanya wafugaji wengi waiache taa ikiwaka usiku kucha, wakidhani kwamba joto na mwanga ni kitu kimoja. Tutalirudia hilo.

Saa iliyomo kichwani

Wazee wetu waligawa usiku kwa jogoo: jogoo la kwanza, jogoo la pili, kisha alfajiri. Al-Jahidh wa Basra, aliyeishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, alimtaja jogoo katika Kitabu al-Hayawan akistaajabia ujuzi wake wa saa za usiku. Lakini je, jogoo huwika kwa kuwa ameona mwanga wa alfajiri, au kwa kuwa anajua kwamba alfajiri imekaribia?

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Shimmura na Yoshimura, walichapisha jawabu. Waliwaweka majogoo katika chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika, mahali ambapo hapakuwa na mapambazuko wala magharibi. Majogoo waliendelea kuwika kwa zamu zilizokaribia saa 24, kana kwamba alfajiri bado inakuja. Saa ilikuwa ndani yao. Lakini kadiri siku zilivyopita bila ya usiku wala mchana wa kweli, mpangilio huo ulififia. Saa ya mwili hutembea yenyewe, ila huhitaji kila siku kurekebishwa na nuru na kiza, kama saa ya ukutani ambayo mwenye nyumba huitazamia redio.

Saa hiyo ya ndege haiko mahali pamoja. Sehemu yake iko machoni, sehemu iko chini ya ubongo, na sehemu nyingine iko katika tezi ndogo iitwayo pineali, iliyokaa juu ya ubongo karibu na mfupa wa kichwa. Mwaka 1968 wataalamu Gaston na Menaker, huko Texas, Marekani, waliiondoa tezi hiyo kwa shomoro na kuwaweka kizani. Shomoro hao walipoteza mpangilio wao, wakawa wakirukaruka na kutulia bila ya zamu. Tezi hiyo ndiyo humimina usiku homoni iitwayo melatonini, ambayo huueleza mwili mzima kwamba usiku umeingia. Taa ikiwaka, mmiminiko huo hukandamizwa. Taa isipozimika kabisa, mwili haupati habari ya usiku.

Tena ndege ana jambo ambalo binadamu hana. Mwanga hupenya fuvu lake jembamba na kuufikia ubongo moja kwa moja. Mfaransa Jacques Benoit alilionyesha hilo kwa mabata katika miaka ya 1930: hata bata asiyeona, mwili wake uliitikia mwanga. Basi asidhani mfugaji kwamba kuku akifumba macho chini ya taa amekwishapata usiku. Amefumba dirisha moja, na jingine bado liko wazi.

Wala si kuku wa kufugwa peke yake. Hapa hapa Kenya yuko ndege mdogo wa nyanda za juu, dume wake mweusi na mweupe mwenye doa la hudhurungi kifuani, ambaye wataalamu humwita Saxicola torquatus. Mtaalamu Eberhard Gwinner wa Ujerumani aliwaweka ndege wa aina hii waliotoka Nakuru katika vyumba ambamo mchana haukurefuka wala kupungua, saa 12 na robo kila siku, kwa miaka mingi. Waliendelea kubadili manyoya na kuwa tayari kwa uzazi kwa zamu za takriban miezi tisa au kumi, bila ya kuona masika wala kipupwe. Ndege wa ikweta, ambaye ungedhani hana haja ya kalenda kwa kuwa siku zake zote zalingana, ana kalenda na saa ndani ya mwili wake. Hakufunzwa na taa, na taa haiwezi kumfuta maumbile hayo. Inaweza tu kumvuruga.

Kazi ya kiza

Sasa twende kwenye umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu, nyama, mfupa na mafuta. Hapa ndipo jirani wa msomaji wetu alipoteleza. Alidhani kuku hukua anapokula. Kwa hakika kula ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukitumia alichokila, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ina wakati wake.

Kuku aliyezoea kupata usiku hujua jioni inapokaribia. Huenda kwenye chakula mapema, akajaza mfuko ulioko chini ya shingo yake, kisha kiza kikiingia hutulia, na kile alichokiweka akiba hushuka kidogo kidogo hadi kwenye firigisi na utumbo. Joto la mwili hupungua kidogo, moyo hupunguza kasi, na nguvu ambayo ingetumika kutembea na kugombania chakula huelekezwa kwenye kujenga na kukarabati.

Kuku aliyenyimwa usiku hapati zamu hiyo. Hula kidogo kidogo saa zote, hulala vipande vipande, hugutushwa na mwenzake anayepita juu yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi, India, walichapisha habari za ndege wadogo wa vizimbani aina ya finchi waliowekewa mwanga hafifu usiku. Ndege hao waliamka mara kwa mara, wakala wakati ambao wangelala, na miili yao ikarundika mafuta. Angalieni: haukuwa mwanga mkali. Uzito waliouongeza ulikuwa wa mafuta, na mafuta si afya.

Kwa kuku wa nyama hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mbegu yake imechaguliwa vizazi vingi ili akue upesi mno. Nyama yake hukimbia mbele, na mifupa, moyo na mapafu hufuata nyuma. Akipata kiza katika wiki zake za mwanzo, mbio za nyama hupungua kidogo, na mfupa hupata nafasi ya kukomaa. Akinyimwa, mguu hubeba mwili usioumudu. Moyo nao hushindwa, na ndipo wafugaji wanapomkuta kuku mnene amekufa chali, bila ya dalili ya ugonjwa. Katika miji ya juu kama Kitengela, ambako hewa ni nyepesi, moyo wa kuku anayekua kwa pupa hulemewa zaidi, na wengine hujaa maji tumboni.

Vifaranga wanaolelewa chini ya mwanga usiokatika hudhurika hata macho: mboni huvimba na sehemu yake ya mbele huwa bapa. Hilo limejulikana kwa wataalamu kwa miaka mingi.

Hesabu ya jirani

Huenda mtu akasema: sawa, lakini mimi nauza kwa uzito, na mwenye kuacha taa hupata uzito. Tuifanye basi hesabu hiyo. Huko Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, mtaalamu Karen Schwean-Lardner na wenzake waliwalea kuku wa nyama kwa makundi: wengine walipewa mwanga saa 14 kwa siku, wengine 17, wengine 20, wengine 23. Waliopewa saa 23 hawakuwashinda kwa uzito wale wa saa 20. Kadiri mwanga ulivyorefushwa ndivyo vifo vilivyozidi na ndivyo miguu mibovu ilivyozidi, na waliopata kiza zaidi waliitumia vyema zaidi kila kilo ya chakula walichopewa. Wale wa saa 23 pia walipungukiwa na harakati: walitembea kidogo, walijisafisha manyoya kidogo, walioga vumbi kidogo. Walikuwa macho lakini hawakuwa hai sawasawa.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilililiweka jambo hili katika sheria mwaka 2007. Kuku wa nyama, kuanzia wiki ya kwanza bandani hadi siku tatu kabla ya kuchinjwa, lazima apate kiza kisichopungua saa 6 katika kila saa 24, na saa 4 kati ya hizo ziwe mfululizo. Hawa ni wafanyabiashara wakubwa wanaohesabu kila senti. Kama usiku ungekuwa hasara tupu, kelele zao zingesikika hadi hapa.

Shauri kwa binti yangu wa Kitengela

Kwanza, mwite daktari wa mifugo awatazame. Kuku kushindwa kusimama kuna sababu nyingine pia, kama upungufu wa madini na vitamini katika chakula, au maradhi ya kuambukiza. Taa ni mshukiwa mkubwa, lakini asiachwe mshukiwa mwingine akatoroka.

Pili, rudisha usiku kwa hatua. Kuku ambao hawajawahi kuona kiza huogopa kinapoingia ghafla, wakarundikana pembeni na kukosana pumzi. Kila mfugaji aliyekatikiwa na stima usiku anaijua hasara hiyo. Usiku wa kwanza zima saa moja ukiwa karibu, kesho saa mbili, hadi ufikie sita. Weka vyombo vya chakula vya kutosha, kwa sababu jioni wote watataka kula kwa pamoja.

Tatu, kwa vifaranga wa mara ijayo: siku chache za mwanzo wanahitaji mwanga mrefu ili wajue maji na chakula viko wapi, lakini hata hapo wape saa moja ya kiza kila usiku ili wakizoee. Baada ya wiki moja waanze kupata usiku wa kweli.

Nne, tenganisha joto na mwanga. Kifaranga anahitaji joto usiku, hahitaji taa. Jiko la makaa lililofunikwa vizuri, lenye njia ya kutolea moshi na kukingwa wasilifikie, hutoa joto bila ya kuangaza banda. Balbu nyekundu si kiza; kuku huiona. Wala usizibe madirisha yote kwa kuogopa baridi, kwa kuwa hewa chafu nayo huua.

Kwa wasomaji wenye kuku wa mayai hesabu ni nyingine kidogo, lakini msingi ni ule ule. Mtagaji aliyekomaa huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16, na jua letu humpa 12. Ukiiwasha taa saa kumi alfajiri mpaka jua litoke, kisha ukaiwasha tena magharibi hadi saa mbili usiku, atapata saa 16 za nuru na saa 8 za kiza kamili. Ongezeko hilo lifanywe polepole, nusu saa kwa wiki, na lisianze kabla mitamba haijakomaa, kwani mtamba aliyeharakishwa hutaga mayai madogo na huweza kuumia katika kutaga. Mkishaweka saa zenu, zishikeni. Yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kutengenezeka, na mwili wa kuku hulipanga kwa kufuata kiza cha jana. Leo saa kumi, kesho saa nane, keshokutwa taa haikuzimwa: huko ni kumchanganya mfanyakazi wako kisha kumlaumu kwa kazi mbovu.

Swali la pili

Sasa turudi kwenye dhambi. Katika Suratul-Qasas, aya ya 71 na ya 72, tunatakiwa tuzifikirie hali mbili: usiku usio na mwisho na mchana usio na mwisho, na tutambue kwamba hakuna mwingine awezaye kuturudishia kile kilichoondolewa. Zamani aya ya pili ilikuwa ngumu kuipigia picha. Nani amewahi kuuona mchana usiokwisha? Leo tumeutengeneza kwa balbu moja, tukamfungia kiumbe ndani yake tangu anapoanguliwa hadi anapochinjwa.

Tunaijua pia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Wanavyuoni hawakuishia kwa paka. Kila mnyama aliye mkononi mwako ni amana, na haki yake ni kile ambacho uhai wake hausimami bila ya hicho. Tukilielewa jambo kama tulivyolieleza, itaonekana kuwa mapumziko ya usiku yamo katika haki hiyo pamoja na maji na chakula. Kuchinja kwa kula kumehalalishwa. Kutesa bila ya haja hakukuhalalishwa. Na hapa haja yenyewe haipo, kwa kuwa hata mizani ya sokoni haiungi mkono.

Kwa hivyo, binti yangu, kwa lililopita huna lawama, kwani ulifuata ushauri ukiamini ni wema. Lawama huanza mtu anapojua kisha akaendelea. Mfikishie jirani yako habari hii kwa upole, pamoja na sahani ya mahamri. Naye pengine alishauriwa na mwingine.

Jambo la mwisho ni letu sote. Waswahili huanza kuhesabu siku magharibi. Usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Usiku kwetu ndio mlango wa siku. Binadamu naye ana saa mwilini, na tezi yake ya pineali humimina melatonini kiza kinapoingia kama ya ndege. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Walinzi na wauguzi wetu wanaofanya kazi hiyo kwa dharura tuwaombee na tuwapunguzie kelele za mchana wanapolala. Lakini mtoto wa miaka kumi anayelala na simu usoni hana zamu wala dharura. Zimeni taa za vyumbani, wekeni simu sebuleni, na waacheni watoto wakue katika kiza walichoumbiwa.

Mwenyezi Mungu atupe rizki za halali na riwaya za kweli, na Yeye ndiye mjuzi zaidi.

Wassalaamu alaykum.